Maji ya Mwanne, Maziwa ya Saibulu

Mwalimu Yudith alikuwa na kikapu cha ukindu, na kikapu hicho kilijulikana kata nzima ya Mfuluni kuliko hata muhuri wa baraza. Ndani mlikuwa na chupa ya maji aliyoyachemsha mwenyewe, mihogo iliyofungwa kwenye kitambaa, na siku za neema ndizi mbili. Popote baraza la kata lilipokwenda kukagua shamba lenye ugomvi, kikapu kilikwenda. Ukimkaribisha chai atakushukuru, atakiinua kikapu kidogo ukione, na atasema, “Baraza lina chakula chake.” Watu walimcheka, lakini cheko lenyewe lilikuwa la heshima. Mahali ambapo jogoo mmoja wa hongo aliwahi kuhamisha mpaka wa shamba, mwanamke anayetembea na muhogo wake si wa kuchezewa.

Desturi hiyo aliitoa Mikumi, kwenye semina ya siku mbili ya wenyeviti wa mabaraza. Mkufunzi wao, kijana wa suti iliyombana, aliandika ubaoni kwa herufi kubwa: MSULUHISHI HALI WALA HANYWI KWA MLALAMIKAJI WALA KWA MLALAMIKIWA. Kisha wenyeviti wakaitwa kwenye wali na kuku, wakala mpaka wakafungua vishikizo. Wengi waliiacha ile sentensi palepale ubaoni. Yudith aliinakili, akarudi nayo nyumbani, akaifanya dini.

Alikuwa amestaafu ualimu mapema akidhani atafuga kuku. Kamati ya kata ikamchagua kuwa mjumbe wa baraza, kisha akapewa uenyekiti, na kuku wakabaki kuwa wa majirani. Kazi yenyewe haikuwa na fahari ambayo watu huidhania. Zamani baraza la kata lilikuwa linaamua, fulani kashinda, fulani kashindwa, nendeni nyumbani. Siku hizi, kwenye mambo ya ardhi, sheria imelinyang’anya rungu. Linasuluhisha tu, na limepewa siku thelathini. Wagomvi wakielewana wanaweka dole gumba, yanaisha. Wasipoelewana, mwenyekiti anasaini hati kwamba usuluhishi umeshindikana, na shauri linakwenda Kilosa, kwenye baraza la wilaya, kupanga foleni. Bahati mbaya ng’ombe hawajui foleni, na mahindi hayaijui pia.

Hiyo foleni ndiyo iliyomnyima usingizi mzuri. Miaka miwili nyuma alisaini hati ya namna hiyo kwa ugomvi wa mpaka, akagonga muhuri, akaenda zake kupika. Shauri likiwa bado linasubiri tarehe, wagomvi walikutana shambani na mmoja wao akakatwa mkono juu ya kiwiko. Hakuna aliyemlaumu Yudith. Alifuata sheria neno kwa neno, na kila alipoona shati la mikono mirefu la yule mtu, mkono mmoja umejaa na mmoja unapeperuka, alijiambia hivyo hivyo: nilifuata sheria.

Basi lilipofika shauri la Mwanne na Saibulu, aliapa moyoni kwamba hati hiyo haitatoka.

Mwanne alikuwa mjane wa makamo ya kuelekea uzeeni, mkulima, mtu wa swala tano na ulimi mmoja mkali. Shamba lake la ekari nne lilikuwa kati ya mto na boma la Saibulu, mfugaji aliyehesabiwa mzee wa upande ule wote. Zamani eneo zima lilikuwa mashamba ya mkonge. Mkonge ulipokufa, kijiji kikagawa ardhi, na marehemu mume wa Mwanne akapata fungu lake kwa karatasi halali. Lakini ng’ombe wa baba yake Saibulu walikuwa wakipita hapohapo kwenda kunywa tangu mkonge ungali umesimama. Wote wawili walisema kweli, na hakuna kesi mbaya kama hiyo. Ng’ombe waliingia kwenye mahindi mara tatu mwaka huo. Mara ya tatu, Mudi, mtoto wa Mwanne, mwanamume wa miaka thelathini mwenye hasira za kurithi, alimkata ndama paja. Hapo ndipo Mwanne alipokwenda kulalamika mwenyewe barazani, kabla mwanawe hajakata kingine.

Kikao cha kwanza kilikwenda vizuri mpaka Yudith akaogopa. Saibulu alikaa wima ndani ya shuka lake, fimbo yake imelala magotini, na mwanawe Leshan, aliyesoma mpaka kidato cha nne, akiketi pembeni kutafsiri. Mwanne alianza kwa kelele, akamaliza kwa kuhema. Halafu, bila kusukumwa, akasema, “Mimi si mchawi. Natoa hatua kumi, kando ya ule mstari wa mikonge iliyobaki. Wapite hapo. Ila wazibe kando kwa miiba, na wapite alasiri tu, si asubuhi watoto wakiwa shambani.”

Leshan akatafsiri. Saibulu aliitikia kwa kichwa polepole, akasema kwa Kiswahili chake, “Hatua kumi inatosha. Miiba nitakata mimi.”

Deogratias, katibu wa baraza, kijana mnene asiyeweza kuandika bila kutoa ulimi, aliandika kwa furaha. Yudith alipanga siku ya kwenda kupima hizo hatua. Ilikuwa siku ya tisa kati ya zile thelathini.

Siku hiyo jua lilikuwa halina adabu. Baraza lilianzia kwa Mwanne, likatembea na pande zote mbili shamba zima, likapima na kuchomeka vijiti. Mjumbe mmoja mzee akaanza kuyumba, na Yudith akampa chupa yake, naye akaimaliza yote kama aliyetoka jangwani. Waliporudi kivulini kwa Mwanne, Yudith alikuwa anaona nyota mchana. Mwanne hakuuliza. Alichota kwenye mtungi kikombe cha bati, akampa kwa mikono miwili.

“Maji hayo, Mwalimu. Utatufia hapa.”

Akanywa, akamaliza, akasema Mungu akubariki dada, na safari ikaendelea. Ni nani anayehesabu kikombe cha maji? Kwa watu wa huku maji hayanyimwi mtu, hata aliyekutukana jana. Kwa miaka ishirini Yudith alipita njia ileile akitoka shuleni, na kwa miaka ishirini alikunywa kwenye mtungi ule.

Saa moja baadaye walikuwa bomani kwa Saibulu, kuona pale ng’ombe wanapotokea. Walipomaliza, Seleina, mke wa mzee, alitoka na kibuyu cha maziwa kilichofukizwa, kile ambacho hakitolewi kwa kila mpita njia. Leshan aliinamisha kichwa mbele ya Yudith, naye akamgusa utosini kama desturi inavyotaka, na Seleina akakisogeza kibuyu. Maziwa yalinukia moshi wa mti.

Yudith alitabasamu tabasamu lake la kazi. Akakiinua kikapu.

“Ahsante sana, mama. Baraza halinywi kwa mtu.”

Wajumbe wengine nao, kwa kumfuata kiongozi wao, wakakataa mmoja mmoja. Seleina alisimama na kibuyu mkononi kitambo kirefu kidogo. Yudith aliondoka akijisikia msafi, na hiyo ndiyo inayomuuma mpaka leo. Alijisikia vizuri.

Siku ya kumi na nne Saibulu hakuja barazani. Mwanne alikuja, akakaa saa tatu, akaondoka akisonya. Siku ya ishirini na moja tena hakuja. Wito ulipelekwa, ukapokelewa, ukanyamaziwa. Deogratias alisema wafugaji ndivyo walivyo. Mjumbe mmoja akasema wanasubiri mahindi yakauke ili walishe. Mudi alianza kuonekana kijiweni akizungumza na vijana wenzake kwa sauti ya chini, na Yudith aliyeifundisha nusu ya vijana hao kusoma alijua kwamba wakinong’ona hawasomi.

Siku ya ishirini na sita asubuhi alikwenda bomani peke yake. Bila wajumbe, bila Deogratias. Kikapu alikichukua, kwa mazoea tu.

Saibulu alikuwa ameketi kwenye kigoda chake akimtazama ndama mwenye kovu. Walisalimiana. Leshan akaja, akainamisha kichwa, akaketi kati yao.

“Mzee,” Yudith alisema, “umebakiza siku nne. Ulikubali hatua kumi. Nini kimekupata?”

Saibulu alizungumza Kimaasai muda mrefu bila kumtazama. Leshan alikuwa anatazama chini.

“Mama, mzee anasema hivi. Siku ile tuliona wote. Ulikunywa kwa Mwanne. Ulipofika kwetu, ulisema hunywi kwa mtu. Mzee anauliza, sisi ni kitu gani?”

Yudith alimgeukia kijana. “Leshan, baba, mwambie. Yale yalikuwa maji tu!”

Leshan hakuhitaji kutafsiri. Mzee aligeuka, na sasa alisema Kiswahili, neno moja moja, kama mtu anayeweka mawe.

“Maji tu. Mama mwenyekiti, mimi nimekuja kwenye baraza lako kuomba nini? Si maji tu? Ng’ombe anakunywa pale mtoni, sisi tunakunywa kwa ng’ombe. Maji ya Mwanne umeona ni maji. Maji yangu umeona ni rushwa.”

Yudith alikuwa amewakalisha watu wengi mbele yake na kuwasikia wakijitetea, na anajua sauti ya mtu asiye na utetezi. Ni ukimya uleule aliokuwa nao sasa. Aliitafuta ile sentensi ya ubaoni Mikumi, akaona haikumdanganya. Yeye ndiye aliyeisoma kwa macho ya watu wake. Mkulima amempa maji, hajaona kwamba amepewa kitu. Mfugaji amempa maziwa, akaona mara moja.

Akamwomba Seleina maziwa. Aliomba kwa mdomo wake mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa mtu yeyote tangu ashike kiti kile. Seleina alimtazama mumewe, mumewe akatazama pembeni, na kibuyu kikaja. Yudith akanywa.

“Haya umekunywa sisi wanne tukiwepo,” Saibulu alisema. “Ile siku ulikataa mbele ya watu. Ukisema mbele ya watu kwamba ulikosea, nakuja, naweka kidole.”

“Nitasema,” alisema Yudith.

Njiani kurudi alikuwa na furaha ya ajabu. Siku nne zilitosha. Alimweleza Deogratias, na Deogratias akakuna shingo.

“Mama, usiandike kwenye muhtasari. Sema tu kwa mdomo, yapite. Yale yalikuwa maji.”

“Kisichoandikwa hakikusemwa. Andika.”

Ukaidi wa mwalimu hauponi kwa kustaafu. Deogratias alitoa ulimi, akaandika.

Siku ya thelathini ofisi ya kata ilijaa. Mwanne alikuja na Mudi na majirani, amevaa kanga mpya, amekuja kumaliza. Saibulu alikuja na Leshan na wazee wawili, kama alivyoahidi. Karatasi ya makubaliano ilikuwa mezani imeshaandikwa, hatua kumi, miiba, alasiri tu, na kando yake kisahani cha wino wa dole gumba. Yudith alikitazama kile kisahani kama mtu mwenye njaa anavyotazama sufuria. Kisha akasimama, akasoma.

“Baraza linaweka kwenye kumbukumbu kosa la mwenyekiti wake. Siku ya ukaguzi, mwenyekiti alikunywa maji kwa mlalamikaji. Siku hiyohiyo alikataa maziwa kwa mlalamikiwa. Kwa kufanya hivyo aliupendelea upande mmoja, na anaomba radhi.”

Leshan akatafsiri. Saibulu akaitikia kwa kichwa mara moja, akaunyoosha mkono wake kuelekea kwenye wino.

“Subiri,” alisema Mwanne.

Alisimama taratibu, akiishika meza.

“Rudia hapo. Mwenyekiti alikunywa maji kwa nani?”

“Dada Mwanne, ni utaratibu tu—”

“Kwa mlalamikaji. Ndiyo mimi. Nilikupa maji ukiwa unaanguka, Yudith, na leo umeyaandika kwenye karatasi ya serikali pamoja na neno kosa. Miaka ishirini unakunywa kwangu, hukuandika. Kumbe ulikuwa unahesabu?” Sauti ilimpanda. “Mimi nimekuhonga? Mimi, kwa kikombe cha maji? Kesho nikiswali pale msikitini watu waseme nini, yule ndiye aliyemnunua mwalimu?”

“Sijasema umenihonga. Nimesema mimi nimekosea.”

“Kunywa maji yangu ndiyo kukosea!”

Hapo Yudith aliliona lote, kama mtu anayeona sufuria ikianguka na mikono yake imeshikilia nyingine. Alikuwa ameenda kufuta tusi kwa mmoja, akaliandika kwa mwingine. Alijaribu kueleza. Alisema habari za Mikumi, za sentensi ya ubaoni, za maziwa, na kila alichosema kilizidi kunuka. Alipofika kwenye maziwa aliyokunywa siku ile ya ishirini na sita, Mudi alicheka kwa sauti.

“Mama, si unasikia? Alishakwenda kunywa kwao kimyakimya. Twende nyumbani.”

Leshan alikuwa ameacha kutafsiri. Saibulu bado alikuwa amenyoosha mkono, kidole kimeshaingia kwenye wino, anawatazama watu mmoja mmoja akitafuta aliyemtukana.

“Hatua kumi nilizitoa kwa moyo,” alisema Mwanne. “Moyo huo nimeurudisha. Waende Kilosa.” Akaichukua pochi yake, akatoka, na kanga yake mpya ikakwama kwenye msumari wa mlango, akaivuta ikachanika, hakusimama.

Hati ilijazwa saa nane mchana. Kuna mstari mmoja unaosema sababu ya usuluhishi kushindikana, na Deogratias, kwa huruma, aliuacha wazi, akamsogezea kalamu. Yudith aliandika yale anayoyaandika siku zote: Wadaawa hawakukubaliana. Ndiyo maneno yaliyokuwa kwenye hati ya yule aliyekatwa mkono. Aliyatazama na kwa mara ya kwanza akajiuliza, katika hati zile zote alizozisaini, ni ngapi ambazo wadaawa wangekubaliana kama mwenyekiti angekuwa mtu mwingine. Akagonga muhuri. Uligonga vibaya, ukatoka nusu, akagonga tena.

Alirudi nyumbani kwa njia ileile, maana hakuna nyingine. Chupa ilikuwa tupu. Mwanne alikuwa ameketi kizingitini anashona ile kanga, na karibu na mtungi Mudi alikuwa anapitisha panga kwenye jiwe, taratibu, hana haraka na mtu.

“Hodi hapa,” alisema Yudith. “Dada Mwanne, nina kiu.”

Mwanne hakuinua macho kwenye sindano.

“Maji yapo. Kamwite kwanza Deogratias aje aandike.”

Yudith alisimama pale kama mwanafunzi aliyefukuzwa darasani. Alitaka kulia, na angelia, kama kengele za ng’ombe hazingesikika kutoka upande wa boma. Saibulu alikuwa na kiu ya ng’ombe mia na karatasi isiyo na kidole. Jiwe likanyamaza. Mudi akainuka na panga lake, akapita katikati yao wawili, akashuka shambani. Mwanne alimtazama, mdomo ukafunguka, ukafungika.

Yudith alikimbia. Alikuwa na umri wa miaka sitini na mmoja, amevaa viatu vya ofisini, na alikatiza katikati ya mahindi aliyokuja kuyalinda, akiyavunja. Alitokea kwenye mstari wa mikonge mbele ya Mudi, akaenda kusimama baina ya vile vijiti vya hatua kumi walivyovichomeka wenyewe. Kiatu kimoja hakikuwepo. Ng’ombe wa mbele wakasimama kumshangaa. Nyuma yao Leshan alimwona, akamwona na Mudi, akaliona panga.

“Mama, ondoka hapo,” alisema Leshan.

“Siondoki.”

“Mwalimu, toka,” alisema Mudi.

“Wewe nilikufundisha kushika kalamu, Mudi. Na panga utanionyesha?”

Hakuna aliyejua la kufanya na mwanamke aliyevaa kiatu kimoja. Mwishowe Leshan alipiga mluzi, akawageuza ng’ombe kwenye njia ya kuzunguka, mwendo wa saa mbili na nusu mpaka mtoni. Mudi alibaki kidogo, akakata mkonge mmoja kwa hasira, akapanda nyumbani.

Hiyo ilikuwa siku moja. Barua kutoka Kilosa ilipofika ilisema shauri litatajwa baada ya miezi minne. Uenyekiti aliurudisha kwa barua ya mistari miwili, na sasa baraza lina mwenyekiti mwingine, mtu anayekunywa chai kwa kila mtu bila tatizo. Lakini kila saa kumi alasiri, ukipita kwenye mstari wa mikonge pale Mfuluni, utamkuta Mwalimu Yudith amekaa kwenye kigoda katikati ya hatua kumi. Leshan akifika na ng’ombe humwinamishia kichwa, naye humgusa utosini, kisha kijana hupinda kushoto, kwenye njia ya kuzunguka. Mwanne hulima hatua hamsini kutoka pale, mgongo umemwelekea. Hakuna anayemkaribisha kitu, naye haombi. Maji yake huenda nayo kwenye chupa, na akiisha kuyamaliza, hukaa na kiu mpaka jua litue.